Mwaka wa Ugali Mwekundu

Simu ya Sungi ilinikuta natafuta miwani. Niliipokea bila kuona ni nani anayepiga, nikadhani ni yule kijana wa kamati anayenisumbua kila siku kuhusu hotuba yangu, kwa hiyo nikaitika kwa sauti ya mtu aliyechoka, ambayo siku hizi ndiyo sauti niliyobakiwa nayo. "Mwanaidi," akasema, "Mama ametutoka. Tumemzika jana." Nikakaa kitandani. Nilisema pole, nikasema tena pole. Sungi na mimi tulimaliza darasa la saba pamoja, na sasa sote ni vibibi, lakini akiongea bado namwona na kaptula ya kaka yake aliyoivaa chini ya gauni la shule wakati wa baridi. "Ukipata nafasi uje Rungwa," akasema. "Kuna kitu chako hapa." Nikamwambia nitakuja. Nimewahi kumwambia hivyo mara nyingi, naye anajua, kwa hiyo hakuuliza lini.

Wiki ijayo wanafungua jumba pale Ikungi. Ni jumba la sanaa, lina ukumbi wa ngoma, chumba cha wachongaji, na chumba kirefu chenye rafu ambazo nimezijaza vitunga vya nyasi nilivyokusanya kwa karibu miaka arobaini. Fedha zake zimetoka kwenye maduka, na malori yaliyozaliwa na maduka, na kinu cha alizeti kilichozaliwa na malori. Kwa hiyo wananiita mlezi wa sanaa. Wananikalisha mbele, wananivisha mgolole, na mwandishi wa habari akija lazima aulize swali lilelile: mama, mapenzi haya yalianzia wapi? Nina jibu langu. Husema kwamba nikiwa msichana nilikaa kwenye baraza la duka la Baba nikiwatazama akina mama wakisuka. Huwa wanaliandika wakiwa wanatabasamu. Si uongo, ila nimelisema mara nyingi mno hadi limekuwa kama sabuni iliyobaki kipande, inateleza tu mkononi. Leo nimeamua kuuandika mwaka wenyewe. Habari za ukoo wetu, na jinsi Baba alivyoanza kwa kuuza viberiti, nimezisimulia vya kutosha kwingine, na mwenye kuzitaka atazikuta huko.

Nilikuwa na miaka ishirini. Duka letu, pale pale Ikungi, lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye kaunta ya mninga iliyong'aa kwa viwiko vya watu. Ukiingia, kushoto kulikuwa na majora ya kaniki na marekani, kulia majembe, taa za chemli na sufuria zilizoning'inizwa kwa kamba, na nyuma ya kaunta magunia: sukari ikiwepo, chumvi, unga. Harufu yake naijua hata leo nikifumba macho, mafuta ya taa yaliyochanganyika na kitambaa kipya na sabuni ya mche. Nyuma ya duka ndiko tulikoishi. Baba alikuwa anakunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, na mwaka ule alikuwa ameshaacha kulalamika kwamba haina sukari. Ndugu zangu wote walikuwa wameondoka, mmoja ualimu, mmoja jeshini, na ilishajulikana kwamba duka litakuwa langu. Niliposhika funguo zake mara ya kwanza nilijiona mtu mzima.

Mwaka mmoja kabla, watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye tembe zao huko walikotawanyika, wakaja kupangwa kwa mistari kando ya barabara ya Dodoma. Mama Sungi alikuwa mmoja wao. Nyumba yake mpya ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, bado haijakandikwa upande mmoja, na upepo wa kwetu unajulikana, kwa hiyo mchana alikuja kukaa kwenye baraza letu na nyasi zake na sindano yake, akasuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, Mkatoliki wa kwenda kanisani kwa miguu hata akiwa na homa, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na kazi yake kwa Kinyaturu kana kwamba ni mtoto mkaidi. Vitunga vyake vilifumbana kiasi kwamba ukitia maji havivuji. Ila hakuwa na rangi tena. Nyeusi aliipata kwa kuzika nyasi kwenye tope la mbuga pamoja na gome la mti, siku saba au nane, akienda kugeuza na kuangalia. Mbuga sasa ilikuwa mbali, na asubuhi zote zilikuwa za shamba la kijiji. "Nasuka vitunga vya upofu," aliniambia siku moja, akinionyesha kimoja cheupe kitupu. "Hakioni, na mimi sikioni."

Ndipo ikaja amri kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe, na kijiji kiwe na duka lake. Sikumbuki kelele yoyote. Katibu wa kijiji alikuja asubuhi na daftari na penseli sikioni, akamwamkia Baba shikamoo kama kawaida, akakaa akanywa chai yetu isiyo na sukari, kisha akaanza kuorodhesha. Nilikuwa namtajia, yeye anaandika. Magunia ya chumvi aliyafunga midomo kwa kamba akatia lakiri nyekundu. Chumvi ilikuwa imeadimika, watu walikuwa wanaazimana kwa kijiko, na Katibu alitaka siku ya ufunguzi iwepo ya kutosha ili watu waone. "Ndugu Mwanaidi, hii isiguswe," akaniambia. "Hata na panya." Alipoondoka, niliona sanduku chini ya kaunta ambalo hatukulitaja, la vikopo vya rangi ya kiwandani vilivyokaa miaka bila mnunuzi. Nikamwambia Baba. Akalitazama. "Limesahaulika," akasema. "Liache lisahaulike." Kuficha mali wakati ule halikuwa jambo dogo, walikuwapo wafanyabiashara waliopelekwa mjini kwa kidogo kuliko hicho, na sisi wawili tulilijua hilo tukiwa tumesimama pale. Lakini nadhani alikuwa amechoka kukabidhi. Alitaka kibaki kitu kimoja ambacho hakikuandikwa na penseli ile.

Siku chache baadaye Katibu alirudi na habari. Mgeni rasmi angekuja kutoka mkoani kufungua duka, na alikuwa mtu anayependa mambo ya asili. Angeandaliwa chakula kwenye darasa la shule, na chakula kiwe kwenye vitunga vipya vya kijiji. Vikimpendeza, atatoa mabati na saruji ijengwe nyumba ya wasukaji, akina mama wasuke humo badala ya kulima asubuhi, na Mama Sungi awe mwalimu wao. Alilisema hili barazani kwetu, mbele yake. Mama Sungi hakunyanyua uso, ila sindano ilisimama. Katibu alipokwisha kwenda, Mama Sungi aliiweka kazi yake chini. "Mwalimu," akasema, na akacheka kidogo. "Mimi, nisiyejua hata kuandika jina." Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Alihesabu kwa vidole: siku za kusuka zinatosha, siku za tope hazipo. Na vitunga vyeupe, alisema, kila mama pale kijijini anasuka, mgeni ataona nini?

Nikaenda nikaleta vikopo viwili, kimoja chekundu na kimoja cha zambarau. Nilivifunika na kanga. Ninapokumbuka tukio hili sina haja ya kujisingizia, kwa sababu nilifurahi sana. Uso wake ulivyobadilika alipofungua kifuniko na kuona ule unga mwekundu, sijawahi kuona uso mwingine kama ule, na nimetoa vitu vingi tangu hapo. Nilikuwa mtoto wa duka, nimezoea watu kunyoosha mikono wakiwa na kitu cha kubadilishana. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoa tu. Ilinilevya, sijui niseme vipi vingine.

"Inatumikaje?" akauliza. Alikigeuza kikopo, akaona maandishi, akanirudishia. "Karatasi inasemaje?"

Ilikuwa Kiingereza, herufi ndogo. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, cha kubahatisha, lakini kulikuwa na picha ya sufuria juu ya moto, na neno la chumvi nililijua vizuri kuliko neno jingine lolote la lugha ile, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye magunia yetu tangu nizaliwe. Chemsha pamoja na chumvi. Hata mtu asiyejua mengine angeelewa. Nikatazama ndani, nikaona magunia na lakiri yake. Nikafikiria kibuyu cha jikoni kwetu, kilichokuwa na chumvi ya kutosha kikopo kimoja labda, na Baba asingesema kitu. Ningeweza kumwambia tu ukweli, kwamba inataka chumvi, twende tukaombe kwa majirani kijiko kijiko. Kilichonizuia ni kitu kidogo ambacho nimekitafuta jina miaka yote hii. Nilitaka zawadi yangu iwe kamili. Sikutaka niwe nimempa kitu halafu nimtume akaombe.

"Inasema uloweke kwenye maji ya moto," nikasema.

"Basi?"

"Basi."

"Haitaki kitu cha kuishika?" Alinitazama. "Hata tope langu linataka gome, Mwanaidi."

"Hii ni ya kiwandani, mama," nikasema. "Wameshaitia kila kitu humo."

Alisuka siku zile zote barazani, na mimi nilikaa naye nikijifanya nalinda duka ambalo halikuwa letu tena. Ulikuwa muda mzuri, nakiri. Alinifundisha kuchagua nyasi, kuzipasua kwa meno, kuvuta bila kukata. Alinisema nilipokosea. Tulikula mlenda na ugali wa uwele kwenye sahani moja ya bati, na Sungi akitoka shambani alitukuta tunabishana kama nyekundu ianze au zambarau ianze. Vitunga vilikuwa sita, vikubwa, na kila kimoja na kifuniko chake. Mimi nimeona vitunga vingi maishani, nimevinunua hadi Nduguti kwa Wanyiramba, nimepewa vingine na mabalozi wasiojua vimetoka wapi. Vile sita sijaona mfano wake. Mistari myekundu ilikuwa inapanda kutoka chini inazunguka hadi mdomoni, na katikati yake zambarau kama macho madogo. "Sasa vinaona," akasema Mama Sungi.

Siku mbili kabla ya sherehe alikiosha kimoja kwa maji baridi, akaniletea maji kwenye bakuli. Yalikuwa na wekundu kwa mbali. "Inachuja," akasema. Nikamwambia itashika ikikauka zaidi. Akasimama pale anafikiri, na ninajua alichokuwa anafikiri kwa sababu alikisema: angetaka kupika ugali nyumbani atie humo wa moto aone. Lakini haikuwezekana, na hata mimi Mwislamu wa dukani nilijua haiwezekani. Kwetu chombo kipya cha kulia huanzwa na mgeni. Hutii chakula chako humo kwanza halafu ukampa mgeni mabaki ya mkono wako; ni kumtukana, na Mama Sungi alikuwa mtu wa kushika mambo hayo kuliko wengi. Kwa hiyo vitunga vikafunikwa na shuka vikangoja, na hakuna mtu duniani aliyejua vitafanya nini na joto, isipokuwa aliyetengeneza rangi na msichana aliyesoma karatasi.

Sherehe ilikwenda vizuri mwanzoni. Ngoma zilipigwa, mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mpole katika suti ya mikono mifupi, akakata utepe mlangoni pa duka la kijiji, ambalo lilikuwa chumba cha ghala kilichopakwa chokaa chenye bidhaa zetu zote ndani. Lakiri ikavunjwa, chumvi ikaonekana, watu wakapiga vigelegele. Baba alisimama nyuma na mikono mgongoni. Kisha wageni wakaingia darasani, madawati yakiwa yameunganishwa kuwa meza. Mimi nilipewa kazi ya kunawisha mikono, birika na beseni. Nilisikia mazungumzo yao nikipita: mmoja anauliza kama kuku ni wa Singida kweli, mwingine anasifu barabara, mwingine anauliza wakati wa njaa ya mwaka uliopita mahindi huku yalikuwa bei gani. Vitunga vikaingizwa, vimefunikwa, vinatoa mvuke pembeni. Mgeni rasmi alikaa anavitazama. "Kazi hii ni ya nani?" akauliza, na Katibu akafurahi mpaka akasimama, akanyoosha mkono kwa Mama Sungi aliyekuwa mlangoni na akina mama wenzake. "Huyu hapa. Huyu ndiye atakuwa mwalimu wao."

Wakafunua. Ugali ulikuwa wa sembe, uliotafutwa mjini kwa ajili ya siku ile, mweupe. Sasa chini na pembeni ulikuwa mwekundu mbichi, na mahali zambarau ilipogusa ulikuwa kama nyama iliyopigwa, na juu, mvuke ulivyodondoka kutoka kwenye vifuniko, kulikuwa na matone. Vitunga vyote sita. Mama mmoja wa jikoni akasema kwa Kinyaturu neno la damu, taratibu tu, lakini lilisikika. Mgeni rasmi alikuwa ameshamega tonge. Akalirudisha. Akaingiza mkono wake kwenye beseni nililolishika, na maji yakawa ya waridi mbele yangu.

"Rangi hii umeitoa wapi?" Katibu alimuuliza Mama Sungi. Hakuwa mtu mbaya, naomba nimtendee haki. Alikuwa ameogopa, sauti ilikuwa imempanda. Kumlisha kiongozi kitu kisichojulikana ulikuwa mzaha wa hatari mwaka ule. Mama Sungi alitazama vitunga vyake. Hakunitazama mimi. Ningependa kusema kwamba alinitazama, ingekuwa rahisi, ningesema nilisubiri ishara yake. Alitazama vitunga tu. Kupitia dirishani nilimwona Baba amesimama uani, naye ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa umekwisha rangi. Sanduku lilikuwa bado chini ya kaunta.

"Nimechimba mizizi," akasema Mama Sungi.

"Mizizi gani?"

"Ya porini."

Ndilo lilikuwa jibu baya kuliko yote. Mtu mjane, peke yake, ametia mizizi ya porini kwenye chakula cha mkubwa. Nilisikia akina mama wakivuta pumzi na kusogea kidogo, kila mmoja nusu hatua, mpaka akawa amesimama peke yake. Mimi nilikuwa na birika mkononi. Mgeni aliyefuata alinyoosha mikono, nami nikammwagia maji.

Hawakumfunga. Mgeni rasmi alisema kwa upole kwamba ni bahati mbaya, akala kuku, akaondoka mapema. Mabati na saruji vilikwenda kijiji kingine. Mkutano ukaitishwa, ikasemwa kwamba Mama Sungi asisuke tena kwa ajili ya kijiji, na wala hakuna aliyesema neno uchawi, ila baada ya hapo hakuna aliyetaka kuchota maji kisimani akiwa yeye yupo. Watoto walitunga wimbo wa ugali mwekundu, wakauimba wakipita nyumbani kwake. Baba alilichimbia lile sanduku nyuma ya choo, kwa mikono yake, na hakuwahi kulitaja hadi anakufa. Mimi siku zile nilikula kidogo na kulala kidogo, nikajiambia nimemwokoa baba yangu. Ilikuwa kweli, na imenisaidia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Alikuja barazani mara moja tu baada ya hapo, mchana, duka likiwa tupu hata mlango hatufungi. Nikamwamkia, akaitika marahaba kama siku zote. Nikamuuliza kwa nini alisema mizizi.

"Ningesema nini? Baba yako wangempakia kwenye gari."

"Mama, mimi..."

"Usianze," akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na uchovu ule sasa naujua kwa sababu umenifikia. "Mimi la kwangu nimelisema. La kwako utalisema siku ukiweza. Litasemwa pale pale liliposemwa la kwangu, mbele za watu." Akasimama, akajipangusa nyasi ambazo hakuwa nazo. Wiki ile ile kaka yake mrina asali alimfuata kutoka Rungwa. Wakati ule hukuondoka kijijini bila barua, na Katibu aliiandika mbio mbio. Walipanda lori la mizinga ya nyuki, yeye na Sungi, na mimi nilisimama barabarani nikapunga mkono.

Yaliyofuata mnayajua, yako kwenye magazeti. Biashara zilirudi kuwa huru, Baba alianza upya akiwa mzee, akaniachia, na mimi nikawa hodari kuliko yeye. Nilipopata uwezo nilianza na Rungwa. Nilipeleka mabati. Nilipeleka vitenge, dawa, ada za wajukuu, godoro, miwani ya macho ya Mama Sungi. Alivipokea vyote bila makuu, akanirudishia asali kwenye madumu, na dereva kila mara alikuja na ujumbe ule ule: mwambie aje mwenyewe. Nilisema nitakwenda. Barabara ya kutoka Itigi ilikuwa mbaya, nilikuwa na kikao, nilikuwa na wageni, magoti yalikuwa yameanza. Nikawa nanunua vitunga vya watu wengine. Niliwalipa wapiga zeze, nikasomesha wachoraji, nikaingia kwenye bodi hii na ile, na kila nilipomwona msichana akipokea kitu kutoka mkononi mwangu nilimtazama usoni nikitafuta uso ule, sikuupata. Jumba la Ikungi limejengwa hatua mia mbili kutoka kwenye lile darasa. Nilimwalika aje akate utepe, nikamwambia chumba cha vitunga kitaitwa kwa jina lake. Akanijibu kwa simu ya Sungi kwamba jina lake pale Ikungi wanalo tayari. Mpaka leo wazee wachache wakimtaja wanasema yule wa mizizi. Ningeweza kulifuta kwa sentensi moja, kwa siku yoyote ya miaka hiyo yote. Baba alikuwa amekwisha kufa, Katibu amekufa, hakuna gari ambalo lingekuja kumchukua mtu. Nimejenga jumba zima pembeni ya sentensi ile nikiikwepa.

Kwa hiyo safari hii nilikwenda. Dereva alisimamisha gari mara nne nijinyooshe. Tulifika Rungwa saa saba mchana, msiba ukiwa umepungua, viti vya kukodi vinapakiwa kwenye mkokoteni. Sungi alinishika mkono kutoka garini. Tulilia kidogo, kwa heshima ya umri wetu, kisha akanipeleka kaburini, udongo bado una unyevu, kisha akaniingiza ndani kwenye chumba cha mama yake chenye mabati yangu juu. Akaninawisha mikono mwenyewe. Ndipo akaenda jikoni akarudi na kitunga kimefunikwa, akakiweka mbele yangu mkekani, nami nikaiona mistari ile. Ilikuwa myekundu, inapanda kutoka chini inazunguka, na katikati yake macho ya zambarau.

"Vile vikopo alikuja navyo," Sungi akasema. "Rangi ilikuwa imebaki kwenye vyote viwili. Hiki alikisuka mwaka ule ule tuliohamia hapa. Kila kiangazi alikuwa anakitoa juani, anakipangusa, anakirudisha sandukuni. Hakikuwahi kutiwa chakula. Nikimwambia tukitumie, ananiambia kina mgeni wake."

"Sungi," nikasema, "ile karatasi mimi niliielewa. Ilisema ichemshwe na chumvi. Nilijua siku ile ile."

"Alijua kwamba ulijua. Mwalimu wa hapa alimsomea, hata mwezi hatujamaliza." Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Funua ule, Mwanaidi. Unapoa."

Nikafunua. Mvuke ukanipanda usoni, miwani ikafunga ukungu, nikaivua. Nikamega kutoka pembeni kabisa, pale ugali ulipoegemea ule wekundu, nikauleta karibu na macho yangu mabovu. Nikageuza tonge huku na huku nikitafuta. Lilikuwa jeupe. Nikamega chini, nako kulikuwa kweupe. Hakuna hata tone.

"Ilikuwa chumvi tu," Sungi akasema.

Nilikula wote, na yeye alikaa pale mpaka nilipomaliza. Kisha nikaomba simu yangu, nikampigia kijana wa kamati. Nikamwambia tusianze na utepe jumbani. Watu wakusanyike kwanza kwenye lile darasa la shule, wote, na wale wazee waletwe kwa gari langu, kwa sababu kuna jambo la kusema na litasemwa pale. Akaniuliza aliandike vipi kwenye ratiba. Nikamwambia aandike jina la Mama Sungi, na chini yake aandike la kwangu.